Kwa nini maneno ya Kiingereza yanayoanza na gl- yanang'aa? Wajuzi wa lugha karibuni

#1 Mlamba Kamusi
Wakuu salaam. Chukueni kamusi yoyote ya Kiingereza mfungue kwenye gl-. Mtakuta glow, gleam, glitter, glisten, glint, glimmer, glare, gloss, glass. Yote yanang'aa. Hamia sn-: snout, snore, snort, sniff, snivel, sneeze, snot, snuff. Yote yako puani. Nenda wr-: wring, wrench, wrestle, wreath, wrinkle, writhe, wrist, wry. Yote ama yamepinda ama yanapindisha.

Na gl- si kiambishi. Ondoa ki- kwenye kitoto, unabaki na -toto na bado unaelewa. Ondoa gl- kwenye glitter, unabaki na itter, na hakuna kitu kinaitwa itter. Kwa hiyo maana imejificha wapi? Dai langu ni kwamba herufi za mwanzo za Kiingereza zina maana yake zenyewe, ila vitabu vya sarufi vimekaa kimya. Anayepinga alete orodha.

#2 Chaki Nyeupe
Glove, glue, gland, globe, glide, glutton, glucose. Niendelee?

#3 Mlamba Kamusi
Chaki umeokota makapi. Glory je? Utukufu ni mwanga. Glacier nayo ni barafu, inameta kuliko kioo.

#4 Fundi Mizizi
Hayo mawili ya #3 ni Kilatini kilichopitia Kifaransa: gloria na glacies. Hayana ukoo na glow. Ungetaka la kutisha ungeleta glad. Kwenye Kiingereza cha kale liliandikwa glæd, na maana yake ilikuwa kung'aa, kumeremeta. Furaha ilikuja baadaye. Nduguye wa Kijerumani, glatt, leo maana yake ni laini, pasipo mikwaruzo.

Maelezo ya kawaida ya wanahistoria wa lugha ni mafupi: ni ukoo. Wanaunda upya mzizi mmoja wa kale sana, ghel-, kung'aa, na humo wanatoa glow, gleam, glitter, glass, pamoja na gold na yellow. Watoto wa baba mmoja kufanana si muujiza.

#5 Bint Pwani
Sawa Fundi, lakini gold na yellow zimeacha gl- njiani na hakuna anayezihesabu. Ukoo unaeleza walikotoka, hauelezi kwa nini wengine wanaendelea kujiunga. Glitz ni neno la karne ya 20, limetokea kwa Wajerumani na Wayahudi wa Marekani, na likakaa pale pale kwenye kung'aa.

Kwenye sn- mimi naona sababu iko mdomoni. Bana pua kwa vidole useme sss kwa muda mrefu: sauti haibadiliki. Halafu sema nnn. Inakatika papo hapo, kwa sababu hewa ya n haina njia nyingine isipokuwa puani. Sasa neno la kupiga chafya au kukoroma lianze na nini kama si sauti inayopita kule kule?

#6 Nyundo ya Mbao
Snow inatoka pua gani? Snake? Snail? Snap? Snare?

#7 Jirani Msumbufu
Snake ana pua mkuu. Ndogo tu.

#8 Fundi Mizizi
Nyundo, snake na snail zina mzizi mmoja wenye maana ya kutambaa, zihesabu kama moja. Snow ni ukoo wake peke yake.

Bint Pwani, hoja yako ya n naikubali nusu, maana sneeze halikuzaliwa na sn-. Kiingereza cha kale walisema fnēosan, kisha fnesen. Ndiyo, f na n pamoja mwanzoni mwa neno. Kukoroma nako kulikuwa na fnorten. Mwanzo wa fn- ulikuwa na maneno machache, ukafa, na waliobaki wakahamia sn-.

Kwa nini sn- na si kwingine? Hapo wanagawanyika. Wako wanaosema ni kosa la macho: zamani s iliandikwa ndefu, ſ, na kwenye miswada haitofautiani sana na f, basi wasomaji wakasoma snesen. Wako wanaosema hapana, sn- tayari ilikuwa na watu wa pua, ikamvuta mkimbizi. Na ipo njia ya tatu: f ilidondoka tu, wakasema nese, halafu s ikaja kuongezwa.

#9 Chaki Nyeupe
Hiyo ya kuvutwa naiunga mkono, ingawa inaniuma kumsaidia mleta uzi. Glamour. Neno hilo ni grammar. Kweli kabisa, sarufi. Kwa watu wasiojua kusoma, elimu ya vitabu na uchawi vilikaa jirani, na Waskoti wakawa na umbo lao la neno hilo lenye maana ya mazingaombwe, kumpumbaza mtu macho. R ikageuka l. Mwandishi Walter Scott akalitangaza kwa maandishi yake. Leo glamour ni vito, taa na nguo za kumetameta. Limeingia gl- kwa bahati ya r kugeuka l, na likishaingia likaanza kung'aa kama wenyeji.

#10 Jirani Msumbufu
Kwa hiyo mwalimu wangu wa sarufi alikuwa glamour. Haya.

#11 Hesabu Kwanza
Uzi mzuri ila mnahesabu vibaya. Kuokota maneno kumi yanayokubaliana nawe si ushahidi. Fanyeni hivi:

Andika maneno yote ya mwanzo huo yaliyo kwenye kamusi ya ukubwa wa kati, si yale tu unayoyakumbuka. Futa vinyambuliwa: glow, glowing na glowworm ni kura moja. Andika maana unayoitafuta kwenye karatasi KABLA ya kuanza kupanga, la sivyo utaipanua kila ukikwama. Ukiandika mwanga tu, glance na glimpse zinatoka nje. Ukiandika mwanga au kuona, zinaingia. Kisha tazama asili ya kila neno, na yale yenye mzizi mmoja yape kura moja. Mwisho chukua mwanzo mwingine usio na sifa yoyote, mathalani dr-, ufanye vivyo hivyo. Bila hiyo dr- hujui kama namba yako ya gl- ni kubwa au ya kawaida.

Mtafiti wa lugha Benjamin Bergen alichapisha hesabu ya namna hii mwaka 2004. Kwenye mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Marekani, takriban asilimia 39 ya maneno ya gl- yalihusu mwanga au kuona. Alipohesabu kila mara neno lilipotumika, ikafika karibu asilimia 60. Si yote, ila si mchezo pia.

Akaenda mbele. Aliwaonyesha watu neno kwenye skrini, kisha jingine, na kazi yao ni kubonyeza kama la pili ni neno halisi la Kiingereza. Baada ya glitter, walilitambua glow haraka zaidi. Utasema ni maana kufanana. Alipima hilo: jozi zenye maana tu kama cord na rope, na jozi zenye herufi tu kama druid na drip, hazikupata msukumo ule. Ilibidi vyote viwili vikutane.

#12 Mlamba Kamusi
Asante Hesabu. Asilimia 60! Chaki uko wapi?

#13 Chaki Nyeupe
Niko hapa, na asilimia 39. Umeruka namba ya kwanza. Kura 60 zinatokana na maneno kama glance na glass yanavyorudiwarudiwa. Na jaribio la Bergen linaonyesha kilichomo kichwani mwa mtu aliyekwisha kuyajua maneno hayo tangu utotoni. Halionyeshi kwamba sauti gl ina mwanga. Mtu wa Kigoma asiyejua Kiingereza ukimtamkia gl haoni taa.

#14 Mwalimu wa Zamu
Naomba tahadhari kwa wanaofundisha, maana wanafunzi wanasoma humu. Msichanganye mambo haya na viambishi awali. Un-, in-, re-, dis- ni viambishi: ukivitoa kinabaki kitu. Kosa linalojirudia darasani ni mwanafunzi kuambiwa un- ni kukanusha, basi anakanusha kila kitu. Under, until na uncle hazikanushi chochote. Unit, union, universe zina uni-, moja, ya Kilatini. Unanimous ndiyo inayowaangusha kwenye mtihani: ni un- ya moja pia, nia moja. Siyo kutokubaliana.

In- ni mbili zilizofanana sura. Moja inakanusha: incorrect, na ikikutana na l, m, p au r inajibadili, ndiyo illegal, immoral, impossible, irregular. Nyingine ni ya ndani, au ya kutia: inflame, kutia moto. Kutoka hiyo ya pili unapata inflammable, yenye maana ya kushika moto kirahisi. Mtu akidhani ni ile ya kukanusha, atavuta sigara kando ya lori la mafuta kwa amani kabisa. Ndiyo maana alama nyingi za usalama siku hizi zinaandika flammable, na kisichowaka ni non-flammable.

Kanuni ya kumpa mwanafunzi: toa herufi za mwanzo. Kilichobaki ni neno lenye maana inayohusiana? Ni kiambishi, tumia kukisia maana. Hakijabaki kitu? Usikisie, fungua kamusi.

#15 Nyundo ya Mbao
Kanuni nzuri lakini itavuja. Invaluable: toa in-, inabaki valuable. Mwanafunzi atasema kisicho na thamani.

#16 Mwalimu wa Zamu
Kweli, hilo ni la kukaririsha: thamani yake haikadiriki. Na infamous si asiyejulikana, ni anayejulikana kwa ubaya.

#17 Mlamba Kamusi
Turudi kwenye mada. Mmeona sk-? Skin, skull, skirt, scalp, scab, scar. Ngozi na vinavyofunika mwili. Mwanzo mwingine wenye maana.

#18 Fundi Mizizi
Hapa mnanipa raha. Sk- si maana, ni pasipoti. Kiingereza cha kale kiligeuza sk zake kuwa sh: ship, fish, shine, shoulder. Walipokuja Waskandinavia kuanzia karne ya 8 hadi ya 11 na kuhamia mashariki na kaskazini ya Uingereza, lugha yao ilikuwa bado inatamka sk. Sky, skin, skill, skull, scare zote ni za kwao, au angalau zinadhaniwa hivyo. Scar ya kovu usiitie humo, imepitia Kifaransa kutoka Kigiriki.

Mfano wa kugusa kwa mkono ni shirt na skirt. Neno moja, vazi fupi, lililokatwa. Short nalo ni ndugu. Upande wa Waingereza likawa shirt, upande wa Waskandinavia skyrta, ambalo kwa Kiingereza likashuka kiunoni na kuwa skirt. Kisha yote mawili yakapanda meli hadi kwetu: shati na sketi. Ukivaa vyote viwili umevaa neno moja mara mbili.

#19 Bint Pwani
Na skuli ya Zanzibar? Na skrubu?

#20 Fundi Mizizi
Si za Waskandinavia hizo. School ni Kigiriki kupitia Kilatini. Screw imepita kwa Wafaransa, escroue. Kwa hiyo sk- pasipoti, ila kuna waliogushi.

#21 Mwanga wa Koroboi
Salaam wote. Hamjataja th-, na ndiyo yenye faida kwa mtu wa Kiswahili. The, this, that, these, those, there, then, they, them, thus: yote yanaonyesha au kurejelea. Hayo yote hutamkwa dh, ile ya dhahabu. Think, thank, thief, thin, thick, thumb, thunder, thousand yana maana kamili na hutamkwa th, ile ya thelathini. Sisi sauti hizo mbili tunazo na tunaziandika tofauti, Waingereza wanaandika moja. Basi ukikutana na neno geni la th- mwanzoni, jiulize: ni neno lenye maana kamili au la kuunganisha na kuonyesha? La kuunganisha na kuonyesha litakuwa dh.

Sababu yake haihusu maana moja kwa moja. Maneno hayo madogo hayakaziwi sauti kwenye sentensi, na sauti isiyokaziwa ililegea ikawa ya mtetemo. Weka kidole kooni useme this, kisha thin. Utaisikia.

#22 Nyundo ya Mbao
Through.

#23 Mwanga wa Koroboi
Nilijua utakuja nalo. Through ni th ya thelathini, ndiyo. Neno likianza na thr halitamkwi dh kamwe: three, throw, throat, threat. Iongeze kwenye kanuni.

#24 Kitabu Wazi
Kwa rekodi, jambo hili si la jana. John Wallis aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini mwaka 1653, na humo akaorodhesha mianzo na maana zake: str- kwa nguvu na kani, wr- kwa kupinda. Ndiye huyo huyo mwanahisabati aliyetupa alama ya ∞ mwaka 1655. Mwaka 1930 mwanaisimu J.R. Firth akaupa mkusanyiko wa namna hii jina lake, fonestimu, na mfano wake mashuhuri ni sl-: slack, slouch, slush, sludge, slime, slow, sloth, sly. Yanateleza, yamelegea, au hayaaminiki.

Firth hakusema sauti sl ina utelezi. Kwake ilikuwa mazoea: ukishasikia maneno mengi ya aina hiyo, jipya litakaa humo humo. Kwa upande wa pili yupo mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa 1916 akiwa ameshafariki. Kwake uhusiano wa sauti na maana ni makubaliano tu ya watu. Ukimsoma Saussure, uzi huu wote ni sadfa iliyopambwa.

#25 Chaki Nyeupe
Tuishie na Saussure basi. Str- ya Wallis ni kapu la mitumba. Street ni Kilatini strata, barabara iliyotandazwa mawe. Strange ni Kilatini pia, extraneus, wa nje. Strong na string ni ndugu wa Kijerumaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani. Straight ni kitendo kilichokwisha cha stretch, kilichonyooshwa. Strawberry mnipe nguvu yake iko wapi.

#26 Mlamba Kamusi
Straight, street, stretch, string, strap, stripe, stream. Vyote ni virefu vyembamba! Asili tofauti, umbo moja. Hiyo inanisaidia mimi, haikusaidii wewe.

#27 Hesabu Kwanza
Kwenye #11 nilisema andika maana kabla ya kupanga. Wallis alisema nguvu, wewe sasa unasema urefu. Chagua moja.

#28 Bint Pwani
Chaki kwenye #13 amemtaja mtu wa Kigoma. Twende huko basi. Mwaka 2016 mtafiti Blasi na wenzake walitazama orodha za maneno ya msingi kutoka karibu theluthi mbili ya lugha za dunia. Maneno ya pua yana n mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, ya ulimi yana l, ya udogo yana i. Hizo ni lugha zisizo na undugu. Ulimi wetu una l.

#29 Nyundo ya Mbao
Pua yetu haina n. Na -dogo haina i.

#30 Bint Pwani
Nusa ina n. Halafu si lazima kila lugha itii, ni uzito wa mizani tu. Na sisi tunayo mianzo yetu: puliza, pumua, pumzi, pumu. Hewa tupu.

#31 Hesabu Kwanza
Pumua, pumzi na pumu ni mzizi mmoja, kura moja. Puliza kura ya pili. Upande wa pili weka punguza, pukutika, puuza, pura, punda. Bado hujashinda.

#32 Jirani Msumbufu
Punda naye anapumua.

#33 Mtema Kuni
Nimechelewa. Naongeza tw-, ambayo ni wazi kuliko zote: two, twin, twice, twenty, twelve, na between katikati. Twelve ni mbili zilizobaki baada ya kumi. Twine ni uzi uliosokotwa nyuzi mbili, twill ni kitambaa cha nyuzi mbili, twig ni kijiti cha panda. Tweezers, kibano, kina miguu miwili. Na fl- je: fly, flow, flee, flood, float, fluid, fluent. Mwendo. Mzizi mmoja.

#34 Fundi Mizizi
Karibu. Tw- uko sahihi, isipokuwa tweezers. Hiyo ni Kifaransa étui, kijaluba cha kuwekea vifaa vidogo. Waingereza wakaifanya etwee, ikawa tweeze, na jina la kijaluba likahamia kwa kifaa kilichomo. Miguu miwili ni bahati.

Fl- umekosea, si mzizi mmoja. Flow, flood, float, fly zina mzizi ulioanza na p. Lugha za Kijerumaniki ziliigeuza p kuwa f, kama Kilatini pater na father. Ndugu wa flow upande wa Kilatini ni pluvia, mvua. Fluid na fluent zinatoka fluere, mzizi mwingine kabisa uliokuwa na bh mwanzoni. Kutiririka kwa f-l kwenye zote mbili kumekutana njiani.

#35 Bint Pwani
Kukutana njiani ndiko ninakokusema tangu #5.

#36 Chaki Nyeupe
Na ndiyo sadfa ninayoisema tangu #2.

#37 Kitabu Wazi
Kabla hamjarudi mwanzo, tazameni na mikia. Swirl, twirl, whirl: yote yanazunguka, na mwanzo ni tofauti. Crash, smash, bash, clash, splash: yote ni kishindo. Panga mianzo kushoto na mikia kulia: fl- pamoja na -ash ni flash, cr- na -ash ni crash, sl- na -ash ni slash. Gl- na -immer ni glimmer, sh- na -immer ni shimmer. Mianzo peke yake haitoshi, inabidi kupima pande zote mbili.

#38 Nyundo ya Mbao
Cash. Wash. Rash.

#39 Mlamba Kamusi
Nyundo, cash nayo ina kishindo chake tarehe 25. Naanza kuhesabu sn- kwa utaratibu wa #11, snack na snorkel naziweka upande wa pua na mdomo. Mwenye kipingamizi aseme sasa.

#40 Fundi Mizizi
Snack sawa, ni ya Waholanzi, kung'ata. Snorkel ni Kijerumani Schnorchel, bomba la hewa la nyambizi za Vita vya Pili, na ni ndugu wa schnarchen, kukoroma. Iweke. Snooker utaiweka wapi?